Titi Ulilorudi Nalo kutoka Ujerumani

Mke wangu mpendwa, Mama Aneti,

Nyumba imekuwa kubwa mno. Tangu tukuzike kule nyuma ya migomba napika mtori wa ndizi kwenye sufuria ndogo, na bado unabaki. Jioni hujikuta nimesema jambo kwa sauti, kana kwamba upo. Leo nakuandikia kwa sababu binti yetu alipanda jana huku mlimani kutoka Moshi akiwa na swali ambalo lilikuwa lako kujibu.

Ulipotolewa titi la kushoto kwa sababu ya kansa, Aneti alikuwa bado shule ya msingi. Ulirudi kazini kwenye zahanati mapema kuliko nilivyotaka. Ulikuwa unakunja kipande cha kanga na kukiingiza ndani ya sidiria, na kila ulipoinama kumpima mtoto wa watu kilihama. Siku moja sokoni Kwa Sadala kilipanda hadi karibu na shingo, na wanawake waliokuwa wakiuza ndizi wakakukazia macho wote. Ulimaliza kununua ulichofuata. Nilikukuta jikoni umekaa, moto hujawasha.

"Sitafuti urembo, Baba Aneti," uliniambia. "Nataka niweze kuinama bila kushika kifua."

Kwa hiyo kanisa lilipokuchagua kwenda Ujerumani kwa mafunzo ya uuguzi, nilijua utauliza huko. Ulirudi na titi la kutengenezwa, kifuko chenye ute mzito kilichowekwa chini ya ngozi. Ulinieleza yote aliyokwambia yule daktari mwanamke aliyekuwekea, wala hukunipunguzia. Kwamba si kitu cha maisha yote. Kwamba mwili unaweza kukizungushia kovu na kukibana mpaka kiwe kigumu. Kwamba kinaweza kupasuka ndani usihisi lolote, na kwenye picha ya kifua kinaweza kuficha kilicho nyuma yake.

"Akaniuliza, kikiharibika huko kwenu nani atakitazama?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hilo nitalijua nikifika."

Ulicheka, nami nikacheka, ingawa usingizi ulinipaa.

Mwanzoni ulikuwa na furaha, sitaki kusema uongo. Ulishona gauni la kitenge lililokukaa vizuri, ukarudi kuimba kwaya safu ya mbele. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umefika mlangoni, ulichukua mkono wangu ukauweka pale. "Sikia. Mwili wote umepata joto, hiki bado." Kilikuwa baridi kama kikombe cha bati. Nilikishika hadi kikapata joto, tukachelewa kukamua ng'ombe.

Kisha kikaanza kukaza. Kilipanda juu kidogo, kikawa kama parachichi bichi, na ukibeba mzigo wa majani ya ng'ombe maumivu yalishuka hadi kwenye mkono. Ulivumilia msimu mzima wa kahawa, halafu ukasema, "Twende."

Daktari kijana wa Moshi alikupima kwa muda mrefu. Alikiri hajawahi kuona kitu kama hicho ila kwenye vitabu. "Mama, heshima yako naiweka mbele, lakini nikuambie ukweli," alisema. "Kukitoa naweza. Kukurudishia kingine siwezi, wala hapa nchini sijui wa kumwendea. Tukikiacha, sitaweza kuona vizuri nyuma yake."

Aliniangalia mimi, kama vile jibu lingetoka kwangu. Wewe ndiye uliyejibu. "Kitoe."

Zilikuwa zile siku ambazo hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Tulirudishwa nyumbani mara mbili tukisubiri dawa ya usingizi ipatikane. Ulipozinduka uliomba kukiona. Muuguzi akakuletea kwenye bakuli, kimechanika upande mmoja, ute unanata kama gundi.

"Kumbe ni kidogo hivi," ukasema.

Jumapili ya kwanza ulipoweza kutoka, ulivaa lile gauni la kitenge bila kuweka kitu ndani. Upande mmoja ulilegea. Ulipita katikati ya kanisa polepole, nami nikitembea kando yako.

Ugonjwa uliporudi mapafuni, watu walinong'ona kwamba ni kile kifuko cha Wazungu. Daktari alikataa; alisema ni kansa ileile ya kwanza. Nami nimewajibu hivyo wote walioniuliza.

Sasa Aneti. Amepata kivimbe, titi la kulia. Alikaa jikoni, akauliza, "Baba, mama angefanya nini?" Nilimwambia kwanza aende akapimwe, maana huenda si kitu. Nikamwambia pia kwamba ikifika siku ya kukata, na mtu akamletea habari za titi la kuweka, aulize linadumu muda gani, nani atalitazama, nani atalitoa. Nikamwambia uliuliza yote hayo, ukachagua, na baadaye ukachagua tena. Alilia kidogo, akanawa uso, akanisaidia kumenya ndizi.

Kesho tunashuka wote Moshi. Ya kusema ninayo, umeniachia. Lakini watakapomwita ndani na mlango kufungwa, nitabaki kwenye lile benchi la hospitali nililokuwa nikikusubiria, na zamani pale nilikuwa nimebeba mkoba wako. Sijui mikono nitaiweka wapi.

Pumzika, mke wangu. Mtoto nipo naye.

Mumeo,
Baba Aneti