Spana ya Kwanza Niliishika Mimi

Mabatini, Mwanza

Kaka Deo,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu Mama alinifundisha kumwamkia mkubwa hata nikiwa nimemkasirikia, kwa hiyo usidhani kuna amani ndani yake. Hamjambo huko Muleba? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Wifi ameshamaliza kuvuna maharage? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na wewe nakuombea uzima, maana nataka uwe na nguvu za kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Ujumbe wako wa simu nimeupata. Unasema nimeharibu mali ya ukoo. Unasema skuta ilikuwa mpya kabisa, haijaguswa spana, na mimi kwa kiburi changu nimeipeleka gereji ikapasuliwa kama mbuzi wa Krismasi. Unataka nikuombe radhi. Haya, kaa vizuri nikueleze, maana inaonekana umesahau skuta hii ni ya nani.

Skuta niliinunua mimi. Unajua kazi yangu: nachanja kuku wa watu huko Kisesa na Bujora. Chanjo ya kideri haisubiri mtu. Barafu ikiyeyuka njiani, ile dawa ni maji matupu, na kuku wakifa mwezi unaofuata mwenye kuku halilaumu jua, ananilaumu mimi. Nilitembea miaka na deli la barafu begani, jua la utosini, nikiomba lifti kwa wenye mikokoteni. Siku niliyoileta skuta nyumbani nililia, majirani wote waliona. Wewe hukuwepo.

Ulikuja baadaye, kupimwa macho, ukasema wiki moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya tatu ulijipa ufunguo wa skuta. Ukaenda nayo Magu kusalimia marafiki, ukaenda nayo Usagara, ukaenda nayo baa iliyo mtaa wa pili ambako hata kuku huenda kwa miguu. Mimi nikarudi kubeba deli begani. Wiki ikawa mwezi na kitu. Macho yalikuwa yameshapimwa zamani, kaka, na yalikuwa mazima.

Na ile nailoni ya dukani! Nilipotaka kuivua kwenye kiti ulinishika mkono kama mtoto anayecheza na moto. Ilipoanza kuchanika pale mbele, ukanunua gundi ya karatasi ukaibandika. Najua sisi Wahaya tunasemwa kwa kupenda kuonekana, lakini mtu mzima na akili zake kukalia nailoni juani, suruali imeloa jasho, ili tu wapita njia wajue chombo ni kipya, hilo lilinishinda.

Nilikwambia kwa adabu, tukiwa tunakula, kwamba wakati wa sevisi ya kwanza umefika na unapita. Injini mpya vyuma vyake vinasagana mpaka vizoeane, na ule unga wa chuma unabaki kwenye oili. Oili ile imwagwe, valvu zipimwe, nati zikazwe upya kwa sababu barabara zetu za mawe zinalegeza kila kitu. Ulicheka hadi ukapaliwa na samaki. "Koku, chombo kipya hakifunguliwi. Ukishakigusa spana, ni mtumba huo. Wewe umesomea kuku, injini tuachie sisi." Ukaendelea kula samaki wangu.

Hatimaye ukaondoka. Ulipofika Muleba, Mama akanipigia kwa simu yako, sauti imejaa furaha, akaniambia nikushukuru sana kwa kunikopesha skuta uliyonunua. Nilijua umekaa pembeni yake. Nikasema, "Sawa Mama." Nilishindwa kumzimia furaha yake, na wewe ulijua nitashindwa.

Jumamosi iliyofuata nikaipeleka kwa Fundi Magesa. Walioniuzia ndio walionielekeza kwake, maana gereji nyingine hapa mtaani zimezoea pikipiki za bodaboda tu. Niliisukuma kwa mkono, sikuiwasha, kwa sababu valvu hupimwa injini ikiwa ya baridi. Mtaa mzima ulinicheka. Skuta imevaa nailoni kama bibi harusi, halafu inasukumwa! "Dada, imekufa tayari?" Nikawaambia haijafa, inakwenda kliniki.

Magesa aliiona, akaweka mikono nyuma.

"Hii siigusi, dada. Kaka yako alinikataza kabla hajasafiri."

"Kaka yangu si mwenye nayo."

"Ndiyo lakini alinikataza. Ngoja nimuulize, nisije nikaingia kwenye ugomvi wa ndugu."

Mikono yake ilikuwa na grisi, kwa hiyo akakupigia na kuiweka simu juu ya benchi kwenye spika. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Vijana wa bodaboda kama watano walikuwa wamekaa wakisubiri pikipiki zao. Sasa nakuandikia maneno yako mwenyewe, usije ukasema nimeyatunga.

"Magesa, usiifungue hiyo! Yule mteja wangu wa Sengerema anavuka Jumatatu kuja kuichukua. Nimemwapia haijaguswa spana. Akiona nati moja ina mkwaruzo, biashara imekufa."

Magesa akaniangalia, akakuita kwa heshima ya Kihaya. "Sasa Ta Deo, na dada mwenyewe je?"

"Nani, Koku? Huyo hana neno. Kibanja chote cha mzee nilichukua, na ile migomba aliyoahidiwa nikachukua, alisema nini? Hasemagi huyo. Atalia siku mbili, halafu atakupikia chai."

Kijana mmoja alizima redio. Wengine wakaanza kuangalia viatu vyao. Nimewahi kuaibika, kaka, lakini sijawahi kuaibika nikiwa nimesimama na haki yangu mkononi. Siku ya kumaliza matanga ya Baba, wazee wa ukoo walipokukabidhi kila kitu mpaka ile migomba ya upande wa kisima ambayo Baba alinionyesha kwa kidole chake, nilinyamaza kwa sababu Mama alikuwa amelala mkekani siku ya tatu bila kula. Nilimnyamazia yeye. Wewe ukahesabu kwamba nimekunyamazia wewe. Kimya kina mshindo mkuu, walisema waliotutangulia, na mimi siku ile pale gereji niliusikia mshindo wangu mwenyewe masikioni.

Magesa akakata simu. Nikamwambia alete spana. Akasema hapana, yeye anafanya kazi kwa amani. Basi nikaingia mwenyewe kwenye sanduku lake la vifaa, nikachukua spana, nikapiga goti mbele ya skuta, nikakamata bolti ya kwanza niliyoiona.

"Siyo hiyo!" akapiga kelele. "Hiyo ni ya oili! Kama unafungua, fungua kwa utaratibu. Injini ya baridi tunaanza na valvu. Hii hapa. Geuza huku. Usiilazimishe."

Nikageuza. Ilikuwa imekaza, nikageuza tena kwa mikono miwili, ikalia, ikalegea. Vijana wa bodaboda wakapiga makofi. Kwa hiyo, kaka, ukimtafuta aliyeigusa spana kwa mara ya kwanza, usimlaumu Magesa wa watu. Ni mimi.

Baada ya hapo aliendelea yeye, na mimi nilisimama juu ya kichwa chake kama askari. Akapima valvu, moja ilikuwa imebana, akairekebisha. Ndipo tukaiwasha ipate moto kidogo, tukaizima, tukamwaga oili kwenye beseni. Ilitoka nyeusi, na ilipotulia juani ikawa inametameta ule unga wa chuma. Magesa akachovya kidole, akakionyesha. "Magu yote hayo alikwenda na hii?" Nikasema na baa pia. Alitaka kurudisha ile pete ya zamani ya bolti, nikakataa, akaweka mpya. Alitaka kunijazia oili ya pikipiki iliyobaki kwenye dumu lake, nikatoa niliyokuja nayo. Alisema oili ya gia ya nyuma tutaiangalia safari nyingine, nikamwambia safari ndiyo hii. Alinichoka, lakini akaimwaga na ile ya nyuma, akakaza nati zote, akapima breki na upepo wa matairi. Kazi ilifanyika kama inavyotakiwa.

Halafu nikavua nailoni. Yote. Chini yake mvua na jasho lako vilikuwa vimekaa muda wote bila pa kutokea, na bolti za kiti zilikuwa zimeshaanza kutu. Huo ndio upya uliokuwa unamuuzia yule mzee wa watu wa Sengerema.

Naye alikuja, Jumatatu, kwa kivuko, amevaa koti zuri. Mtu mstaarabu sana. Alizunguka skuta, akapitisha kidole kwenye nati, akasema, "Ng'wanone, mwanangu, hii imeguswa." Nikamjibu imeguswa na mwenyewe, na mwenyewe hauzi. Akaniuliza kama mimi ndiye yule dada aliyeolewa Shinyanga akaiacha skuta. Nikamwambia sijaolewa Shinyanga wala popote, nikampikia chai. Hilo peke yake ulilibashiri sawasawa. Alikunywa, akaomba samahani ambayo haikuwa yake kuiomba, akarudi kuwahi kivuko.

Kwa hiyo radhi sikuombi. Skuta inakwenda vizuri, injini imetulia, na wiki hii nimechanja Bujora yote barafu ikiwa bado ngumu. Ukija tena Mwanza utakaribishwa chakula, na ufunguo utakuwa shingoni mwangu.

Nisalimie Wifi, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata. Nisalimie watoto wako wote, hasa mkubwa aliyefaulu. Msalimie baba mdogo, yule aliyesimamia matanga, mwambie nina neno naye nikija.

Mama sikuagizi umsalimie. Simu yake unaishika wewe siku hizi, na yangu ungenikatia, ndiyo maana nimeandika. Juu ya bahasha nimeweka jina la Mama, nikaituma parokiani mkononi mwa katekista. Macho ya Mama hayasomi tena maandishi, kwa hiyo atamwomba katekista amsomee, na yule unamjua, hawezi kusoma kitu bila kukitangaza kama Injili. Barua hii ikikufikia, Mama atakuwa ameshajua nani alinunua, nani alitaka kuuza, na yale uliyoyasema kuhusu migomba ya kisimani.

Mimi usinijibu. Mjibu yeye.

Mdogo wako,
Kokugonza