Mgeni Uliyempa Matobolwa

Kinondoni, Dar es Salaam
Agosti 28, 1997

Mayu wangu mpendwa,

Mwadila, mayu. Nakuamkia kwa magoti, ingawa niko mbali na huwezi kuniona. Miguu yako inaendeleaje na baridi hii? Je, pamba imekwisha kuvunwa? Nawasalimu wewe, mdogo wangu Minza na mtoto wake, na majirani wote wa hapo Dutwa. Mimi mwili hauna ugonjwa. Minza, wewe unayemsomea mama, nakuomba usiruke neno, hata pale utakapoona aibu kwa ajili yangu.

Kwanza pole, mayu, kwa msiba wa baba. Mzee Mahona amezikwa mimi sipo, na barua zenu hazikunifikia kwa sababu nilihama nisiwaambie. Pili, mzigo wako umefika. Yale matobolwa, viazi vitamu ulivyovichemsha na kuvikausha mwenyewe, uliyompa mwimbaji wa Jamaika aniletee nimeyapata, na kitambaa ulichoyafungia nimekifua.

Najua unataka kusikia nilikuwa wapi miaka yote hii. Nilipotoka nyumbani nilikaa Mwanza, nikipiga gitaa kwenye bendi ya baa moja. Huko ndiko reggae iliponishika. Tulisikiliza kanda za Jamaika mpaka utepe ukalegea. Baadaye nikaja Dar na nyimbo zangu mwenyewe, za ukame, za ng'ombe, za wakulima wanaokaa wakingoja gari la ushirika. Nikazunguka kwenye studio, hakuna aliyezitaka. Redio za watu binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, maduka yamejaa vitu vya nje, na watu walitaka muziki nao utoke nje. Prodyuza mmoja, Januarius, ndiye aliyenisikiliza hadi mwisho. Akasema sauti ninayo, kinachonikwamisha ni jina. Mayige wa Usukumani hatauza, akasema, ila Delroy wa Kingston atauza. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi nikaacha nywele zisokotane, nikavaa miwani myeusi, nikajifunza Kiingereza cha kuvuta maneno. Redioni nilieleza mitaa ya Kingston ambayo sijaiona hata kwa picha. Nyimbo zilezile zilizokataliwa, tulipozigeuza Kiingereza, zikapigwa kila mahali. Nikaanza pia kuwarekodi wengine, kwa sababu vijana walipenda kanda zao zipitie mikononi mwa Mjamaika. Mmoja aliniambia angetoa chochote ili awe amezaliwa nilikozaliwa mimi. Nikamshukuru kwa Kiingereza.

Mwaka huu kampuni moja ya wanunuzi wapya wa pamba ilitukodi tupige muziki huko kwetu wakati wa mauzo, ili wakulima waipelekee pamba yao badala ya kuwapelekea wengine. Nilitaka kukataa, lakini ningeulizwa sababu.

Mayu, yule mgeni uliyempa matobolwa pale uwanjani ni mimi.

Ulikuja mbele umemshika Minza mkono. Uliongea Kisukuma, Minza akageuza kwa Kiswahili, Januarius akanigeuzia kwa Kiingereza. Uliniita mwanangu, kama unavyomwita kijana yeyote: "Ng'wanone, mtoto wangu naye anaimba. Waimbaji mnajuana. Ukimkuta mwana wa Mahona mwambie baba yake tumemzika wakati wa palizi, na hakuna anayemlaumu. Mpe haya ale." Nilielewa tangu neno la kwanza. Lakini Mjamaika hajui Kisukuma, wala Kiswahili. Kwa hiyo nikasimama nikitabasamu, nikimngoja Minza amalize, kisha Januarius amalize, ndipo nikaweza kuonyesha huzuni. Hata huzuni yenyewe ilibidi niipime, isizidi ile ya mtu aliyesikia msiba wa watu asiowajua. Nikakupa pole kwa Kiingereza. Wewe ulikuwa unanitazama mdomoni. Sijui uliona nini.

Tulipofika hotelini Bariadi, wenzangu wa bendi walifungua kitambaa chako, wakauliza kama Wasukuma wanakula mbao. Nikacheka nao. Niliyala kesho yake garini, nimegeukia dirishani, na nilipoyamaliza ndipo nilipomlilia baba.

Lililo baya zaidi bado sijalisema. Nilikuona mapema, mayu. Kabla sijapanda jukwaani nilikuona umekaa chini karibu na mizani ya pamba, nikakujua kwa namna ulivyokunja miguu. Nikamwita Januarius nikamwambia awazuie watu wasinisogelee, na hasa yule mama mwenye kitenge cha kijani. Nilikuonyesha kwa kidole. Yeye hakujua wewe ni nani. Baadaye alikuruhusu tu, akaniambia kwamba hawezi kumfukuza mama mtu mzima aliyetoka kwake na zawadi. Ulinifikia kwa huruma ya mtu wa mbali. Mimi mwanao nilikuwa nimekufungia njia.

Tuliporudi huku nilimweleza Januarius kila kitu. Aliniuliza mbona sikumwambia palepale uwanjani. Nikamwambia siwezi tena kuwa Delroy. Alinionea huruma kweli, lakini akasema jina hilo ni la studio na kanda zimeshachapwa. Juzi nimemkuta anamjaribishia miwani kijana mwingine, anayejua Kiingereza kuliko mimi.

Nimenyoa nywele. Nakuja kabla ya mvua za kwanza, nione kaburi la baba na nilime pale alipoishia. Kama utakuwa hutaki kuniona, sitalalamika. Nitakaa kwa shangazi Nyanjige mpaka moyo wako utulie, na usipotulia, nitaelewa pia. Muziki sijui kama nitauacha. Nikiimba tena, nitaimba kwa lugha utakayoisikia bila mkalimani.

Nisalimie shangazi, mzee Luhende na watu wa kanisani. Minza, nisamehe na wewe. Ulinitafsiria kwa heshima, nami nikakutazama kama mgeni.

Mayu, ukisikia redioni kwamba Delroy wa Kingston anarudi Bariadi, usijisumbue kwenda. Huyo hatakuelewa hata neno moja.

Ni mimi mwanao,
Mayige wa Mahona