Mtani Wangu Pazi na Kadi ya Mdakaji

Jumapili, 31 Machi 2019
Nina miaka sabini na nane. Nimempita Mwingereza, nimeipita kazi ya reli, nimempita na daktari wa Tabora aliyesema moyo wangu hautafika sitini. Mke wangu Mwashi nimempita pia. Hilo sikulitaka.
Leo misa, kisha uwanja wa besiboli. Binti yangu Nyamizi ndiye anayeendesha kutoka hapa Carrollton, Marekani. Katoka zamu ya usiku hospitali, macho mekundu. Simwonei huruma, kazaliwa na mimi.
Nasimama kwenye ukuta mfupi kabla mchezo haujaanza. Kadi yenye picha ya mchezaji mkononi, kalamu wazi. Vijana wanapiga kelele. Mimi sipigi. Nanyoosha mkono na kutulia kama mtu anayedai haki yake. Wanakuja wenyewe. Hata hawa wenye mamilioni wanaheshimu mvi. Leo mrushaji wa mkono wa kushoto ametia sahihi. Mwandiko mbaya kama wangu.
Timu yetu ninayo nzima sasa kwenye albamu, kasoro mdakaji. Yule wa kinyago, anayechuchumaa nyuma. Besiboli naijua kuliko wenyeji. Utotoni nililinda mtama kwa kombeo, nyani walinijua kwa jina. Kurusha si kazi. Kudaka ndiyo kazi.

Jumapili, 19 Mei 2019
Nimempata. Mdakaji.
Jua kali. Nyamizi alinishikia mwavuli muda wote. Mdakaji alipita mara ya kwanza, hakuniona. Akarudi. Akaivua glovu, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kama mtu aliyesomeshwa na masista. Akanipa mkono. Mkono mgumu kama wa mpagazi. Ningekuwa na mtoto wa kiume ningemtaka hivi.
Nyamizi alipiga makofi. Tulikula kuku ndani ya gari.

Jumamosi, 8 Juni 2019
Pazi kaja na mwanawe Salum kutoka Missouri City, kule karibu na Houston. Tunamalizia Idi yao hapa kwetu. Huyu Pazi ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Tangu babu zetu. Ananitukana, namtukana. Akichukua changu sikasiriki, nikichukua chake hakasiriki. Ndiyo sheria. Tena anashabikia timu ya Houston, kwa hiyo ni mtani mara mbili.
Aliingia na kofia yao kichwani. Akasema nyumba inanuka jasho la mpagazi. Nikamwambia avue viatu nione kama Mzaramo ana vidole, maana hajawahi kuvitembelea, maisha yake yote kakaa mkekani. Tulicheka hadi chai ikapoa.
Wameondoka jioni. Nafungua albamu. Nafasi ya mdakaji tupu.
Simu ikalia. Yeye.
“Maganga, mateka wako ninaye. Vaa kofia ya Houston uingie nayo kanisani, ndipo utamkomboa.”
Nikamwambia kanisani haingii hata yeye. Nikakata.
Roho imeniuma, sitasema uongo. Lakini mtani kachukua. Nitamtafutia dawa.

Jumatano, 12 Juni 2019
Nyamizi kaona nafasi tupu. Kawaka. “Baba, huo ni wizi! Nimeungua na jua kwa ajili ya kadi ile!”
Nikamweleza utani. Kaja Marekani mdogo, hakuuona. Kasema huku hakuna mambo hayo, huku mtu akichukua chako unamdai. Nikamwambia aniache, mambo ya wazee. Kanyamaza. Nilidhani kanyamaza kweli.

Jumamosi, 22 Juni 2019
Bahasha imekuja. Ndani kadi ya mdakaji, imefungwa vizuri kwa karatasi laini. Na barua ya Salum. Salum ni mhasibu, anaandika kama serikali. Anasema baba yake amekosea, familia inaomba radhi, halitarudiwa tena.
Kumbe Nyamizi alimpigia Salum simu. Alisema baba yake mzee kaibiwa na anasononeka.
Nimeirudisha kadi mahali pake. Siwezi kuitazama. Nimepata kadi, nimepoteza mtani. Mtu akikuomba radhi kwa utani, amekufukuza.

Jumapili, 23 Juni 2019
Nimempigia Pazi. Kapokea kwa adabu.
“Habari za asubuhi, mzee wangu. Poleni sana kwa usumbufu.”
Usumbufu! Nikamtukana. Nikamtukania mkeka wake, nazi zake, ngoma zake zisizoisha. Nikamtukania timu.
Akasema, “Asante, mzee.”
Mzee! Mimi kwake sijawahi kuwa mzee. Nimekuwa mpagazi, nimekuwa punda, nimekuwa mla asali na nyuki wake. Nimelala kitandani mchana.

Jumapili, 14 Julai 2019
Houston wamekuja kucheza kwetu. Kila wakija, Pazi huja nao. Huketi nyuma yangu na kunizomea tangu mwanzo hadi mwisho, watu wa usalama hudhani tunapigana. Leo kiti nyuma yangu alikaa mtu mwingine, mpole, anakula karanga. Mdakaji alipita karibu, akanipungia. Sikunyoosha kadi.
Nyamizi aliuliza nina nini. Nikamwambia ndani ya gari, bila kumtazama.
Nikamkumbusha siku tuliyomzika mama yake, mwaka juzi. Sikuweza kuteremka garini. Padre kaja, kashindwa. Pazi akajifunga khanga ya Mwashi, akasimama mbele ya gari la jeneza, mkono kiunoni, kwa sauti ileile ya Mwashi: “Maganga! Na viatu vyako hivyo vya matope unakwenda wapi?” Wazungu wa makaburini walishtuka. Mimi nikacheka. Nikiwa nacheka, miguu ikashuka. Ndivyo nilivyomzika mke wangu.
Nikamwambia: na mimi nikifa, nani atasimama mbele ya gari langu? Salum na barua yake?
Nyamizi kapaki pembeni. Kalia. Kasema, “Baba, nilidhani nakusaidia.” Najua. Sina hasira naye. Hasira ninayo, ila si naye.

Jumamosi, 20 Julai 2019
Missouri City. Nyamizi aliniambia nimwombe Pazi msamaha. Nikamwambia msamaha ndio uliotuua. Asalimie, anyamaze, aangalie wanaume wanavyofanya.
Sikupiga hodi. Nimeingia na viatu. Pazi yuko mbele ya televisheni, timu zetu zinacheza, sahani ya pilau mapajani. Wote wakasimama. Salum akavuta kiti. “Mzee wangu, karibu sana, karibu.” Adabu tupu, kama benki.
Sikukaa. Ukutani Pazi ana kadi moja tu, mrushaji wa Houston, sahihi ya dhahabu, fremu ya kioo. Nikaishusha. Nikaitia kwapani. Nikamfuata Pazi, nikachukua pande la nyama kwenye sahani yake, kubwa kuliko yote, nikalitafuna mbele ya uso wake.
Televisheni peke yake ndiyo inasema. Salum kaweka mkono kichwani. Pazi ananitazama. Mimi natafuna. Moyo unapiga kama garimoshi linapanda mlima. Nikafikiri, akisema “asante, mzee,” ninakufa hapahapa kwenye zulia la Mzaramo.
Akaweka sahani chini polepole.
“Mwizi! Babu yako alibeba meno ya tembo, wewe unabeba picha! Ukoo umeshuka, Maganga!”
Akanirukia. Mtu wa miaka sabini na tano. Akanipekua mifuko kama askari, akaikuta kadi ya mdakaji kifuani, maana niliiweka pale pa kukutwa. Akaichukua. Akaibusu. Akasema sasa itakaa chooni kwake.
Nikamwambia wa kwake atakaa jikoni kwangu, nyuma ya mapipa ya taka.
Salum akaanza, “Baba, tulikubaliana—” Nyamizi akamshika mkono. “Kaka Salum, waache. Tukae.”

Jumapili, 21 Julai 2019
Tumerudi salama. Misa ya jioni, sikusikia mahubiri, nilikuwa nacheka peke yangu. Mrushaji wa Houston nimemweka jikoni, kageukia ukuta. Nyamizi kasema sura yake nzuri kuliko ya mdakaji wetu. Huyo naye ameanza.
Mvua imenyesha kidogo. Nimekunywa uji.
Kuna atakayesema mzee wa miaka sabini na nane hawezi kuvamia nyumba ya watu na kula nyama yao. Amuulize Nyamizi, aliendesha. Amuulize Salum, bado hajafunga mdomo. Pazi naye alikuwepo, ila asiulizwe. Atasema nililia.