Ulihesabu Watoto Watano

Baba,

Niliandika "mpendwa", nikalifuta. Wewe mwenyewe hukupenda maneno ya kupakwa mafuta. Baba inatosha. Hilo hakuna anayeweza kulibishia, hata wewe uliyejaribu.

Naandika wazi, kila mtu asome, kwa sababu waliokusifu kaburini walitumia kipaza sauti. Kaka yangu Saitoti alisimama na koti lake jipya akasoma habari za maisha yako. Kwamba ulikata shamba lako ili shule ijengwe. Kwamba ulikuwa mwenyekiti wa kamati tangu darasa la kwanza la mabati. Halafu akasema, "Alipigania elimu ya kila mtoto. Alimsomesha hata binti yake mlemavu." Watu wakageuza shingo kunitafuta. Nilikuwa nyuma ya hema, karibu na masufuria, pale kiti changu cha magurudumu kilipokwama kwenye udongo mweusi. Mama mmoja nisiyemjua akanishika bega, akaniambia kwa upole, "Una bahati wewe. Wengine hufichwa."

Nilimwambia asante. Kulikuwa na wali unapakuliwa, na mtoto wake alikuwa na njaa. Haikuwa mahali pa kumweleza.

Sasa naeleza.

Kabla ya ile homa ulikuwa baba mzuri, na hilo silifuti. Nakumbuka nikiwa mabegani mwako kule kwetu Kitengela, nyumbu wamejaa upande ule wa mto, kabla ya watu wa mji wa Noonkopir kuanza kuweka nyaya kwenye viwanja vyao. Ulinifundisha kutofautisha ng'ombe wetu kwa masikio. Uliniita "mzee wangu mdogo". Ulipotoka mnadani ulinitafuta mimi kwanza, ukaweka mkono kichwani mwangu kabla ya wenzangu, na dada yangu Resiato alikuwa akinuna.

Halafu homa ikaja, ikaondoka na miguu yangu. Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba ukiingia bomani, watoto wote walikuinamishia vichwa ukawagusa mmoja mmoja, na ulipofika kwangu mkono ulikuwa umeshaisha kazi. Nilibaki nimeinamisha kichwa. Yeyo, ndivyo tulivyomwita mama, alikuwa akija kukigusa yeye badala yako, akijifanya anatafuta chawa.

Shule ilijengwa kwenye kona ya shamba letu, karibu hivi kwamba nikiwa mlangoni niliona rangi ya sweta za wanafunzi. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mgunga. Saitoti akaenda, Resiato akaenda, wadogo wakafuata. Nilikuuliza siku moja ukinywa chai, "Na mimi naenda lini?" Hukukasirika. Ulinijibu kama mtu anayejibu kuhusu mvua. "Wewe utakaa na mama yako. Shule ni ya watu wanaoenda mahali."

Nilitambaa kwa mikono, nimefunga vipande vya tairi viganjani. Sikuwahi kufika mbali, lakini nilikuwa nafika kwenye ua wa shule. Nilijifunza nyimbo zao zote kutoka upande wa pili wa miiba. Mwalimu mmoja aliponiona alinifukuza kwa chaki. Baadaye alipojua mimi ni wa mwenyekiti, alikuja nyumbani kuomba msamaha. Kwako, si kwangu. Ukamwambia hakukosea.

Sasa ile siku ya wageni. Wakubwa wa elimu walikuwa wanakuja kutoka Kajiado kufungua madarasa mapya ya mawe. Ulichinja. Asubuhi ile ukaja nilipokuwa nimekaa, ukainama, ukaninyanyua. Tangu homa hukuwa umeninyanyua, Baba. Nilikushika shingo. Ulikuwa unanukia ugoro na sabuni mpya. Yeyo alikuwa amenipaka mafuta kichwani, na nilivaa shuka nyekundu ya Resiato, na nilijua tunaenda wapi. Nilikuwa nimeanza hata kupanga mahali nitakapokaa, karibu na dirisha.

Tulipolipita lango la boma bila kutoka nikadhani umesahau njia. Ukazunguka nyuma ya nyumba, ukanishusha katika zizi la wana-mbuzi, ukavuta tawi la miiba ukaziba.

"Wakija watu, nyamaza," ukasema. "Usiniaibishe mbele ya serikali."

Wana-mbuzi wanapenda kutafuna. Walitafuna ile shuka, mmoja upande huu na mwingine upande ule, nami nikawaacha. Na kwa sababu shule iko karibu na upepo ulikuwa unakuja kwetu, nilisikia hotuba yako yote. Ulikuwa na sauti nzuri. Ulisema mtoto wa kike ni sawa na wa kiume. Ulisema kumnyima mtoto shule ni kumzika akiwa hai. Watu walipiga makofi, na nadhani mimi ndiye niliyekuamini kuliko wote waliokuwa pale.

Yeyo alikuja kunitoa wageni walipomaliza nyama. Alikuwa ameniwekea kipande cha ini kwenye kanga. Nilikataa kula. Alinibeba tu, na kifua chake kilikuwa kinatetemeka kama mtu mwenye baridi.

Miaka ilipita hivyo hadi elimu ya bure ilipotangazwa. Mwalimu mkuu mpya alikuwa mwanamke mfupi wa kutoka Machakos, mwalimu Mueni. Alipita boma kwa boma na viatu vyake vimejaa matope, akiandikisha watoto. Alikuja kwetu, ukamkaribisha kwa heshima kama mwenyekiti.

"Mzee, uko na watoto wangapi?" akauliza.

Watu wetu hawapendi kuhesabu watoto. Mzee yeyote mwingine angecheka, angesema watoto ni wa Mungu. Wewe siku ile ulihesabu. "Watano," ukasema.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango wa ngozi, nasikia. Yeyo alikuwa anamimina chai. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemsikia akikupinga mbele ya mgeni. Aliweka birika chini.

"Ni sita," akasema.

"Mwanamke, nyamaza."

"Ni sita, mwalimu. Mmoja yuko hapo ndani. Anaitwa Nasieku."

Mwalimu Mueni aliingia bila kuomba ruhusa. Alichuchumaa, akanitazama usoni, hakutazama miguu. Akaniuliza nina miaka mingapi, na kama ninajua kuhesabu. Nilihesabu hadi akaniambia inatosha. Alipotoka alikuambia, "Jumatatu ninamtaka shuleni, mzee. Sheria ni ya watoto wote." Ulitabasamu. Ulikuwa mwanasiasa mzuri. Lile kofi la Yeyo ulilitunza mpaka mwalimu alipofika barabarani.

Nilianza darasa la kwanza nikiwa na matiti. Nilikaa chini na watoto wa miaka sita, na wengi walikuwa wema, walibishana nani atanibebea kitabu. Darasa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, wengine wamekaa juu ya madirisha. Sikujali. Niliweka jina langu juu ya kila karatasi niliyopewa.

Tatizo lilikuwa choo. Kilikuwa cha shimo, juu ya ngazi, na mlango mwembamba. Mwalimu Mueni aliomba kamati yako ijenge njia ya mteremko na choo kimoja kipana, na mafundi walikuwepo bado wakimalizia ukuta wa kuzunguka shule. Alinisimulia baadaye ulivyomjibu mbele ya wote. "Tujenge barabara ya mtoto mmoja?" Wazee walicheka. Ukuta ukakamilika, jina lako likachongwa kwenye jiwe la pembeni.

Kwa hivyo niliacha kunywa maji. Sikunywa chai asubuhi, sikunywa uji wa saa nne. Nilikaa na kiu hadi Yeyo aje kunichukua jioni. Ilifanya kazi muda mrefu, mpaka tumbo liliponiuma siku moja kwenye somo la Kiswahili. Nilitambaa haraka, nikafika kwenye ngazi ya kwanza, na hapo ikanishinda.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Shule nzima ilikuwa nje. Kicheko cha watoto wengi kina sauti yake, ni kama mvua kwenye mabati. Nawe ulikuwa umetoka tu kwenye mkutano wa kamati, na fimbo yako na kofia yako. Ulisimama. Ulinitazama pale chini, na mimi nikakutazama, kwa sababu wewe ndiwe baba yangu na sikuwa na mwingine wa kumtazama.

Uligeuka ukamwambia mwalimu Mueni, "Nilikuambia." Kisha ukaenda zako.

Mwalimu alivua leso yake akanifunika. Jioni ile ukatangaza nyumbani kwamba nimemaliza shule, na ukachoma sweta yangu jikoni kwa Yeyo, mbele yake.

Hii sehemu inayofuata hukuijua vizuri, acha nikuambie. Yeyo alikuwa anauza maziwa kwa Mama Halima, yule Msomali mwenye duka la nafaka na nguo pale Noonkopir. Alimweleza huku analia. Mama Halima hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimuuliza, "Unalia ili iweje? Kajiado kuna shule ya bweni ya watoto kama yeye. Ndugu yangu anapeleka mbuzi huko wiki hii. Leta mtoto." Yeyo aliuza mtamba wake mwenyewe, ule uliotoka kwao, akaninunulia godoro na sanduku. Nilisafiri nyuma ya pikapu, katikati ya mbuzi. Nilicheka njia nzima, Yeyo akadhani nimepata wazimu.

Aliporudi ulimfungia lango. Alikaa nyuma ya duka la Mama Halima mpaka wazee walipokuja kukuomba umrudishe, nawe ukamfungulia, ukidai hukumfukuza, alikuwa amekwenda tu kuwasalimu watu wake.

Kwenye ile shule hakuna aliyekuwa wa ajabu. Wengine hawakuwa na mikono, wengine vichwa vyao vilitikisika, na tulipigana, tukaibiana sukari, tukapendana. Choo kilikuwa na mteremko wa saruji. Siku ya kwanza nilikunywa maji vikombe juu ya vikombe, mama wa bweni akaniuliza kama ni mgonjwa.

Wazazi wengine walikuja siku za kutembelewa. Yeyo alikuja alipopata lifti. Wewe ulikuja mara moja, matokeo ya darasa la nane yalipotoka na jina langu likiwa juu. Ulikuja na mpiga picha. Ulimwambia mwalimu mkuu wetu, "Huyu ni binti yangu," kwa ile sauti ya hotuba. Ukasimama nyuma ya kiti changu. Niliinamisha kichwa kwa mazoea, ukaweka mkono. Ukauacha pale mpaka mpiga picha aliposema tayari.

Ulikuwa mzito na wa joto. Nilikuwa nimeusubiri tangu homa, na nikaupata kwa muda wa picha moja.

"Umekua," ukasema. Kisha ukauliza kama kuna chai.

Picha ile ndiyo waliyochapisha kwenye kijitabu cha mazishi.

Sasa niko Kajiado mjini. Baada ya sekondari nilipata kazi katika duka la dawa za mifugo, na si kazi kubwa, lakini wafugaji wananiamini. Wanakuja na shida za kwato na ndimi za ng'ombe wao, wananieleza, ninawaambia dawa ipi. Wengine wanauliza, "Wewe si wa mwenyekiti wa Kitengela?" Nasema ndiyo. Yeyo anaishi nami. Hajavaa nguo ya msiba, na mimi sijamuuliza.

Wiki iliyopita Saitoti alikuja dukani. Kamati inataka kuipa shule jina lako, na wanataka familia yote ikubali. Nilimwambia mimi sikubali.

"Amekufa, Nasieku," akasema. "Utamwadhibu mpaka lini?"

"Simwadhibu. Nimekataa tu kudanganya."

"Ni jina tu langoni."

"Choo kiko vipi?" nikamuuliza.

Hakuelewa swali. Nilimwuliza tena, akafikiri, akasema kiko vilevile, kwa nini. Halafu akatazama simu yake, akaniambia kwa aibu kidogo kwamba fundi ameshaliandika jina kwa rangi. Walikuwa wanauliza kwa heshima tu. Kwa hivyo umeshinda, Baba. Jina lako liko kwenye lango la shule, na mtoto mwingine kama mimi akizaliwa upande ule, atafundishwa kulisoma kama mtu atamruhusu kuingia.

Sikuombei mabaya huko uliko. Wala mema sikuombei. Hayo niachie, wako wengi wanaokuombea kwa sauti kubwa.

Ila kuna jambo moja la mwisho. Juzi mzee mmoja aliingia dukani, mwanga ukiwa nyuma yake, sikuona uso. Alikuwa na koti kama lako. Akakohoa kama wewe, kile kikohozi cha ugoro, akasema "Sopa", salamu yetu, kwa kuvuta neno kama ulivyokuwa ukilivuta. Nilifurahi, Baba. Nilifurahi mwili mzima, nikaanza kusukuma magurudumu kuja kwako, kabla sijakumbuka kwamba umekufa, na kabla sijakumbuka mengine yote.

Hilo ndilo siwezi kukusamehe. Mengine huenda siku moja yakaisha. Hili la kufurahi kwanza, sijui nitalipeleka wapi.

Kwaheri. Lala.

Binti yako,
Nasieku
Kajiado