Baba Mdogo Asikibebe Kichupa

Chumba nambari 4,
Najma,
Doha, Qatar.
9 Novemba 2025

Mpendwa dada Pamela,

Nakusalimu kwa furaha ambayo haijapungua tangu Agosti. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Baridi ya Minnesota imeshaanza kuuma? Na mzee wako, Baba mdogo Reuben, amekubali kuvaa kofia, au bado mnagombana? Sisi huku tu wazima. Joto limepungua, jioni watu wanatoka nje tena, na mimi, Pam, ni mke wa mtu! Kila nikiandika hivyo natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Ngoja kwanza nikusifie mume wangu, kisha nitafika kwenye jambo lililonikalisha chini na kalamu. Wanjohi anasimama mlangoni mwa duka lile analolilinda kwa saa kumi na mbili, na akitoka ananinunulia karak, hii chai ya maziwa ya huku, anaishika mkononi ndani ya basi hadi nyumbani. Inafika imepoa kabisa. Nami nainywa yote kana kwamba imetoka jikoni sasa hivi. Ananiita mama watoto. Nikimuuliza watoto gani, anasema wako njiani, wanasubiri viza.

Chumba chetu ni kidogo lakini nakipenda. Ni kipande cha sebule ya zamani iliyogawanywa kwa plaiwudi. Upande wa pili wanakaa Zuhura wa Tanga na mumewe. Tukicheka sana Zuhura anagonga ukuta: "Nyie maharusi! Hebu punguzeni, wenzenu twaamka alfajiri!" Siku tukinyamaza anagonga pia: "Vipi, mshagombana?" Ukuta huo uukumbuke, Pam, maana ndio ulionifunga mdomo.

Sasa nakuja kwenye zawadi yako.

Charity wa ushirika wenu alipopitia hapa akitoka kwenu kuelekea nyumbani Kenya, alikuja kula kwetu na kutukabidhi lile boksi. Hakuwa amelifungua hata kidogo. Unajua tulivyolelewa: mzigo wa mtu haufunguliwi, unaupeleka ulivyopewa. Alipoondoka kurudi uwanja wa ndege tulilifungua kitandani kama watoto wa Krismasi. Ile nguo ya kulalia, Pam! Rangi ile! Wanjohi aliiinua juu akauliza nguo nyingine imebaki wapi. Nilicheka mpaka Zuhura akagonga.

Chini kabisa kulikuwa na kichupa chenye kifuniko cha dhahabu, na kadi yako. Nimeikariri. Uliandika kwamba ni mafuta yaliyokamuliwa kwenye hemp, mmea ndugu yake bangi, yakagandishwa mpaka yakawa mazito kama asali. Kwamba umeyanunua kwenye duka lenye leseni, wakakuuliza kitambulisho, wakakuonyesha karatasi ya maabara. Kwamba baada ya kuwainua wazee kazini siku nzima unachukua kiasi cha punje ya mchele, unakipasha moto, unavuta mara moja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili unalala bila kulia. Na kwamba mimi ndiye niliyekulalamikia mgongo wa Wanjohi.

Ni kweli nililalamika. Kwa hiyo najua kilichokutuma ni upendo, na sikuhukumu. Huko kwenu ni halali, nimeelewa. Kama kinakupa usingizi, nafurahi kwa usingizi wako.

Lakini nilikifungua, Pam. Harufu ilitoka kama majani mabichi yaliyokatwa baada ya mvua, ikajaa chumba kizima. Wanjohi aliruka akakifunga. Sijawahi kuona uso wake vile. Siku ile walipoapishwa kazini walionyeshwa picha za vitu kama hivyo, wakaambiwa huku hakuna anayeuliza ni hemp au ni bangi, ina asilimia ngapi, ulinunua wapi. Ni jela, na siku ukitoka jela, ni ndege ya kurudi kwenu. Karatasi ya maabara ya Minnesota huku ni karatasi tu.

Nikawasha jiko la umeme nikakaanga vitunguu vinne. Zuhura akaniuliza ukutani: "Mwapika nini, mbona harufu ya shamba?" Nikamwambia ni mboga za kwetu Keroka. Akasema nimbakizie.

Tukakizika kichupa ndani ya mkebe wa unga. Tangu siku hiyo sikuijua tena ndoa yangu. Kila kiatu kilichopita kwenye korido kilikuwa kinakuja kwetu. Kukitoa nje hatukuweza, maana mtu akikusimamisha njiani kiko mfukoni mwako. Kukiacha hatukuweza, kwa sababu mwenye nyumba ana ufunguo. Wanjohi alikuwa anatoka kazini mbio, bila karak. Ugali tulipika, lakini unga tulinunua mwingine.

Halafu ukapiga simu, na sauti yako, dada yangu, haihitaji spika. Zuhura alikuwa anakunja nguo upande wa pili, namsikia hata akipumua. Ukaniuliza, "Mmejaribu?" Nikasema ndiyo. "Mgongo wa shemeji?" Nikasema umepoa kabisa. "Mmebakisha?" Nikasema tumemaliza, asante sana, Mungu akubariki. Ningesema nini? Zawadi ya harusi inashukuriwa. Ukapiga vigelegele, ukasema basi Baba akipita kutubariki tarehe ishirini atatuletea vichupa vitatu. Kisha ukanitumia picha ya vyote vitatu kwenye simu. Niliifuta papo hapo.

Wanjohi aliponiuliza nimekujibu nini, nikamweleza. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akasema, "Mama watoto, hujashukuru. Umeagiza."

Ijumaa, wanaume walipokwenda kuswali na Zuhura akaenda sokoni, tuliyakwangua mafuta yale kwa kijiko na maji ya moto, yakaenda na maji ya choo. Kijiko na kichupa kitupu tulivitupa. Yalikuwa yananata, Pam, hayataki kutoka, kana kwamba yameapa kukaa na sisi. Tulipomaliza tulikaa sakafuni tumeshikana mikono, na mume wangu mrefu, anayewasimamisha watu wazima mlangoni kwa kidole kimoja, alilia begani mwangu. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Lakini hatujatoka bado. Tangu hapo kila nikifumba macho namwona Baba mdogo. Ana miaka sitini na nane. Amevaa koti lake la kanisani. Hajui kukataa mzigo wala hajui kuuangalia ndani. Afisa atamwuliza, "Mzee, hii ni nini?" Naye, Pam, unamjua, atajibu kwa fahari, "Ni zawadi ya binti yangu." Hilo ndilo litakalomfunga. Ataingia mahali ambapo mimi siwezi kumpelekea hata uji, na Wanjohi ataitwa, kwa sababu anwani utakayoandika kwenye boksi ni yake.

Niliwaza kukupigia. Nikaogopa ukuta. Nikawaza kukuandikia kwenye simu, lakini Wanjohi ameapa jambo hili halitaingia kwenye simu yoyote ya nyumba hii. Nikabaki hivyo wiki mbili, kila siku ukinitumia vipicha vya mioyo nami nikijibu kwa mioyo. Nisamehe. Nilikudanganya kwa adabu.

Kwa hiyo nakuomba, dada, si kwa mzaha: Baba mdogo asikibebe kichupa. Si vitatu, si kimoja, si hata kile ambacho umeshakitumia kikabaki kidogo chini. Aje na mikono yake tu. Anibariki, ale kuku, amcheke Wanjohi. Mgongo wa mume wangu naukanda mwenyewe kwa mafuta ya nazi, na anasema hajawahi kupata hospitali nzuri kama hiyo.

Charity anapita tena leo akirudi huko, naye ndiye atakayekuletea barua hii. Yeye hajui hata sasa kile alichotembea nacho. Alikipitisha uwanja wa ndege mzima akiimba nyimbo za kwaya. Nimefikiri sana, na bahasha sitaifunga. Mzigo huu ataufungua na kuusoma kabla hajaubeba.

Msalimie Baba mdogo, umwambie kitanda chake kipo, sisi tutalala chini na hatutaona tofauti. Wasalimie Daisy na Rodney, na kina mama wote wa ushirika wenu. Wanjohi anakusalimu na anasema hana kinyongo, ila nguo ya kulalia anaomba ya pili. Mungu aushike mgongo wako, akupe usingizi mtamu, na awafikishe nyumbani wote tunaowangoja.

Mimi dada yako, ninayekupenda kama zamani tulipolala kitanda kimoja,
Rael, mke wa Wanjohi.

Tena: Charity yuko hapa, ameketi kitandani. Ameisoma mara mbili. Ameweka kijiko chini, chakula hajakigusa. Zuhura amegonga ukuta akauliza mbona kimya. Sasa Charity ananiomba kalamu.

Pam, ni mimi Charity. Nina watoto watatu, na wewe unawajua kwa majina. Sanduku la Mzee Reuben nitalipanga mimi, soksi kwa soksi, na wewe utakaa hapo kwenye kiti ukinitazama mpaka nifunge zipu.