Bibi Harusi na Jeneza Kwenye Ubao Mmoja

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijafunga duka, maana nimechanganyikiwa, sijui nishike lipi. Mimi ni mpiga picha hapa Mabawa, na mlangoni nimetundika ubao wa picha ili wapitao wajue naweza kila kitu, nikaweka maharusi, wacheza mpira, mkonge ukianikwa, na katikati, kwa kuwa ndiyo iliyotoka safi kuliko zote, jamaa wa Mzee Methusela wa shamba la mkonge wamelizunguka jeneza lake likiwa wazi kabla ya maziko, picha ya kuwapelekea ndugu zao huko bara. Basi juzi Bi Mwamvua, somo anayemfunda Mwanasiti, binti wa mtaani anayeolewa, akaja kutafuta mpiga picha wa harusi, nami harusi hiyo niliitegemea inijulishe kwa watu wa mtaa, akautazama ubao, akaziba mdomo kwa kanga, akasema, "Wallahi, mwanangu Luka, bibi harusi wetu hatakaa jirani na jeneza!" akaenda zake mtaa wa Usagara kwa mpiga picha mwingine, na tangu siku ile wanawake wanapita ng'ambo ya barabara. Mke wangu Dorkasi asema nilitoe jeneza, rafiki yangu Kombo asema niongeze picha mpaka jeneza lisionekane, nami naona vibaya kumtoa mzee wa watu, kwani mjane wake alitembea kutoka shambani kuja kunishukuru, akalia, akasema hana picha yake nyingine hata moja. Nifanyeje, au nirudi kukata mkonge?

Luka, Mabawa

Luka,

Pole, lakini umejitakia. Ungetundika nyama na viatu mlango mmoja, nani angejua unauza nini? Na huyo Kombo usimsikilize kabisa.

Leo hii teremsha ubao mzima. Picha ya jeneza itie bahasha umpe mjane. Msiba wa watu hautundikwi barabarani. Harusi za mtaa mwachie huyo wa Usagara kwa sasa. Hukuona ulichoandika mwenyewe: watu wa mashamba, walio mbali na kwao, ndio wanaokuamini. Jumapili watokapo kanisani na nguo zao nzuri, nenda na kamera. Piga baba, mama na watoto, picha za kutuma nyumbani. Chagua kumi tu, zote za namna hiyo, uombe ruhusa, ndipo utundike.

Anza na mjane wa Mzee Methusela. Kwa mumewe ulifika umechelewa. Yeye bado yuko hai.