Tarehe Mosi ya Karani

Jumapili, 16 Novemba 2014

Zimebaki siku nne. Alhamisi naapa, nakuwa Mmarekani, na binti yangu Chimène anakuwa papo hapo kwa sababu hajatimiza miaka kumi na minane. Mwanasheria alirudia mara mbili: mama akiapa kabla ya umri huo, ile kesi ya kupigana shuleni haiwezi kumfukuza binti nchini. Akichelewa, inaweza. Msichana mwenzake alimwambia arudi Afrika — Chimène akampasua mdomo. Hata mimi ningempasua!

Mwalimu wa darasa la uraia kanisani anasema zamani sheria ilitaka weupe tu. Halafu wakaongezwa weusi. Wahindi Wekundu, wenye nchi yao, wengine walisubiri mpaka 1924! Nilicheka peke yangu. Kwetu sisi Banyamulenge, Watutsi wa Kongo, baba alilala Mkongo akaamka mgeni. Sheria moja tu, 1981. Kumbe kote ni hivyo.

Jumatano, 19 Novemba

Theluji! Huku mtaani kwetu Black Rock ni kidogo, mabasi yanapita. Kusini mwa mji imefika madirishani. Mahakama imefungwa, kiapo kimeahirishwa. Mungu wangu, iwe Desemba.

Jumamosi, 6 Desemba

Barua imekuja. Kiapo ni tarehe 8 Januari.

Chimène anatimiza kumi na minane tarehe mosi Januari — kwenye karatasi. Kwenye kambi ya wakimbizi karani aliandika tarehe hiyo kwa foleni nzima. Mimi nilijua ni 14 Machi. Nilimzaa mimi! Nikanyamaza nisionekane msumbufu.

Mdogo wangu Dative, wa Columbus, alilia kwenye simu. Kaka Nyarugabo akapiga kutoka Louisville: "Bon, dada, enda useme ni karani alikosea. Donc babadilishe ile tarehe." Mwanasheria anasema cheti cha kuzaliwa hatuna, na kwenye mahojiano niliapa kwamba yote niliyojaza, hata tarehe hiyo, ni kweli.

Basi.

Alhamisi, 1 Januari 2015

Nimenunua keki. Hakupuliza mishumaa. Ananijibu kwa Kiingereza kwamba hakuna shida. Shida ipo, na mimi ndiye nimemponza.

Alhamisi, 8 Januari

Mahakamani. Naandika juu ya paja. Asubuhi nilikataa kuja, Chimène akanivuta mkono: "Mama, miaka miwili unasoma! Twende."

Wamechukua green card yangu, kadi ya ukaazi ya wageni. Yake iko kwenye mkoba wake, huko nyuma kwenye viti vya wageni. Kesi yake ni tarehe 20. Wakimfukuza watampeleka wapi? Kongo walishasema sisi si wao.

Ofisa anaita nchi moja moja, watu wasimame, ndipo tuape kuziacha. Bangladeshi. Burma. Burundi. Nina miaka arobaini na sita, na tangu sheria ile hakuna serikali iliyoniita Mkongo.

"Kongo!"

Nimesimama. Naandika nimesimama. Nyuma kiti kimelia — Chimène naye amesimama. Ofisa anampungia mkono akae.

Hakai.